Kabati Jeusi la Hedwig

Nimeuza bia na samaki wa Ijumaa hapa Ebner kwa miaka thelathini na moja, na siku zote nawaambia watu: ukitaka jambo lako lisienee Wisconsin nzima, usilisemee ndani ya baa ya Arlys. Arlys ndiye mimi. Trudy Wendorf alilijua hilo vizuri kabisa, na ndiyo maana alikuja kulisemea kwangu, tena kwa sauti.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Juni. Baa imefurika, watu wengine wanakula wamesimama, sahani mkononi, bia imewekwa kwenye kingo za dirisha. Trudy alikuwa amekaa na mumewe Gilbert, na mbele yao wifi yake Leona, dada yake Gilbert, anakamulia limau samaki wake. Mama yao Gilbert na Leona, marehemu Hedwig, tulimzika Februari, ardhi imeganda kama chuma. Nyumba ilishagawanywa mpaka vijiko. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, lile kabati la vyombo la chumba cha kulia.

Hakuna mtu Ebner asiyelijua. Milango miwili, droo tatu, miguu iliyochongwa kama makucha ya simba, na juu yake kioo kirefu chenye taji la maua ya mbao. Na lilikuwa jeusi. Miaka mia na kumi ya vanishi juu ya vanishi, moshi wa jiko la makaa na sigara za wacheza karata. Ukiingia chumba kile mchana ulihisi kuna mtu mnene amesimama kwenye kona.

"Nimeshaamua," Trudy akasema. "Linakwenda kwenye nyumba yetu ya ziwani. Nalipaka rangi nyeupe, ile iliyofifia kama chaki, halafu nalikwaruza pembeni kidogo lionekane la zamani."

"Lionekane la zamani," Leona akarudia. "Wifi, lina miaka mia na kumi."

"Ndiyo, lakini halijui kuionyesha. Siku hizi nani anataka fanicha nyeusi? Lile limekaa kama jeneza lililosimamishwa wima."

Meza za jirani zikaacha kutafuna. Leona ameendesha lori la maziwa miaka thelathini na mitano. Mikono yake ni minene kuliko ya wanaume wengi mnaowajua. Akaweka uma chini.

"Nitalibandua mimi," akasema. "Chini ya ule weusi kuna mti."

"Chini ya ule weusi kuna weusi mwingine, wifi."

Watu wakacheka, na Trudy akipata watu wa kumchekea hashikiki. Akasimama kabisa. "Haya basi, mbele ya watu wote hawa. Agosti kuna maonyesho ya kaunti. Lipeleke kwenye ukumbi wa kazi za mikono. Ukirudi na utepe wa bluu, ule wa mshindi wa kwanza, kabati ni lako, sitalitaja tena maishani mwangu. Ukikosa, nakuja na brashi yangu."

"Na Gilbert anasemaje?" nikauliza mimi.

Baa nzima ikamgeukia Gilbert. Mdomo umejaa kabichi. Akatafuna, akameza, akafuta midomo.

"Samaki mtamu leo," akasema.

Gilbert ndivyo alivyo. Ndoa imemfundisha kujibu swali la mlango wa pili, si lile aliloulizwa.

Basi nikachukua ile karatasi nene tunayoiweka chini ya sahani, nikaandika masharti nyuma yake, wote wawili wakatia sahihi, nikaibandika juu ya mashine ya kuhesabia pesa, karibu na kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani. Hapo kila mtu angeiona.

*

Kilichofuata nakisimulia taratibu kwa sababu ndicho kilichotaka kutumaliza baadaye. Usiku ule neno "jeneza" lilimkaa Leona kooni. Asubuhi ya Jumamosi, kabla hata ya kahawa, kabati lilikuwa limeshaburutwa mpaka kwenye banda lake la gari, glavu za mpira ziko mkononi, na ameshalimwagia kopo zima la dawa ya kubandulia vanishi. Mimi nilifika saa nne na keki ya tufaha. Nilikuta milango yote miwili imefura mapovu kama ngozi ya mtu aliyeungua.

"Wee Leona, hukungoja hata watu?"

"Watu ndio walionichekea jana."

Harufu ya dawa ile inapasua kichwa. Lakini ndani ya nusu saa banda lilikuwa na watu sita, na wa saba alikuja na kiti chake cha kukunja. Huyo ni mzee Orrin Zastrow, aliyekuwa akipaka vanishi vinanda vya kanisa mpaka kiwanda kilipofungwa. Alikaa pale mlangoni wiki saba. Hakuwahi kushika kikwangulio wala kitambaa, alishika bia.

"Polepole, mama," akawa anasema. "Unakwangua kama unachuna kulungu. Acha dawa ifanye kazi, wewe unazoa takataka tu."

"Mzee, shuka kwenye hicho kiti uje unionyeshe."

"Nikishuka nani atasimamia?"

Leona akatumia vibao vya plastiki kwenye sehemu bapa, mswaki kwenye maua ya taji, na kamba ya katani katikati ya vidole vya makucha, akiivuta huku na huku kama anayeng'arisha viatu. Uji mweusi ukadondoka kwenye magazeti. Chini yake ukatoka uji wa kahawia, na chini ya huo mwekundu. Trudy alipita mara moja na gari, akashusha kioo. "Bado jeusi tu," akasema, akapandisha kioo.

Siku ya tatu Leona akalowesha kitambaa kwa spiriti, akaufuta mlango wa kushoto kutoka juu mpaka chini. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu mke wa mchungaji. Tukaacha.

Ulikuwa mwaloni, rangi ya asali inayoanza kuganda, na kukatiza juu ya nyuzi za mti ilipita mistari ya mwanga, mipana kama kidole, kama mbavu za chui milia. Ukisogeza kichwa, na yenyewe inasogea. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Sote tukawa tunayumba pale bandani kama waliolewa, na bia ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Hilo gogo lilipasuliwa kwa robo, vipande vinne kwanza ndipo mbao," mzee Orrin akasema, na kwa mara ya kwanza akasimama. "Siku hizi hawapasui hivyo. Mbao nyingi zinapotea."

Leona alibaki ameshika kile kitambaa kinachonuka. "Miaka sitini na minane," akasema. "Nimekula mbele ya kitu hiki miaka sitini na minane, sijawahi kukiona."

Hapo sote tukajua utepe unawezekana. Habari nilizieneza mimi mwenyewe, na sioni haya.

Julai ilitutoa jasho lakini. Alipiga msasa kwa mkono, akifuata nyuzi, akapaka vanishi mpya, na vanishi ikakataa. Mbele ya macho yetu ikawa inajikunja na kujitenga, ikaacha vishimo vya mviringo juu ya kabati zima, kama mafuta kwenye supu. Akafuta, akapaka tena. Vishimo vikarudi palepale.

Mzee Orrin akainama, akanusa mbao. "Mama yenu alikuwa analifuta na nini?"

"Ile dawa ya kung'arishia, ya kupuliza, ya kopo, yenye harufu ya limau," Leona akasema. "Kila Jumamosi. Miaka arubaini. Hata mguu ulipovunjika alinituma mimi."

"Basi imeshanyonywa mpaka ndani, na vanishi haishiki kwenye mafuta. Huitoi hiyo. Unaifungia."

Leona akaanza kucheka, akakaa sakafuni. "Bado analifuta," akasema. "Hedwig bado analifuta tu."

Alilibandua tena lote, akaliosha, akayeyusha lakri kwenye spiriti, akapaka tabaka jembamba la kufungia yale mafuta ya mama yake chini. Juu ya lakri vanishi ililala kama shuka lililopigwa pasi. Tabaka tatu, na katikati ya kila moja msasa laini kama karatasi ya Biblia. Mwisho wa Julai ungeweza kujichana nywele kwenye mlango.

*

Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Ijumaa. Vitu vya ukumbini vilitakiwa viwe vimefika Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni. Jumatano mchana Leona akaja baa kujaza fomu, nami nikamwekea kitabu cha masharti kaunta, kwa kuwa miwani yake iko nyumbani.

"Jina la mshindani," nikasoma. "Aina ya mbao. Umri wa samani. Halafu: samani iliyofanyiwa ukarabati iambatane na picha moja au zaidi, zinazoionyesha yote, jinsi ilivyokuwa kabla ya kazi. Pasipo picha haitahukumiwa."

Kalamu ikasimama.

"Leona. Ulipiga picha?"

Akaiweka kalamu chini. Mkumbuke ile asubuhi ya Jumamosi: dawa kabla ya kahawa. Simu yake ni ya kukunja, isiyo na kamera, na mimi nilipofika na keki milango ilikuwa imeshafura. Kila mwanamke wa kaunti hii aliyewahi kupeleka hata kigoda kwenye maonyesho anajua kuwa kitu cha kwanza ni picha. Mtoto wa shule anajua. Hasira ndiyo haikujua.

Nikampigia Lowell, msimamizi wa ukumbi. "Arlys, mimi nakupenda," akasema, "lakini pasipo picha haliingii kwenye hukumu. Nililikataa hata la mama mkwe wangu."

"Basi lije lipakwe nyeupe," Leona akasema, akijiambia mwenyewe. Akatazama ile karatasi chini ya kulungu. Sahihi yake ilikuwa pale, nene, ya mtu mwenye uhakika.

Mimi nikawa namwangalia, huku nafikiria chumba kile cha kulia. Karata za Jumapili. Komunyo za kwanza. Hedwig alikuwa mtu wa nyumba kujaa, kama mimi. Hakuna mtoto aliyebatizwa Ebner kwa miaka hamsini asiyepitishwa pale kula keki. Na ukipiga picha chumba kile, utasimama wapi? Utasimama mlangoni. Na nyuma ya watu utaona nini?

"Moja au zaidi," nikasema.

"Nini?"

"Kitabu kinasema picha moja au zaidi. Kunywa brandi yako, unyamaze."

Nilipiga simu kumi na saba. Kabla ya saa kumi na moja jioni baa ilikuwa imejaa kuliko Ijumaa yoyote, na hakuna aliyeagiza samaki. Walikuja na albamu, na maboksi ya viatu, na fremu walizozing'oa ukutani na msumari wake. Doreen wa posta alileta komunyo yake: gauni jeupe, meno mawili hayapo, na nyuma yake mlango wa kushoto mzima, mweusi tititi. Muuza nyama alileta ubatizo wa mapacha wake, wenye droo mbili. Mzee Orrin alileta picha aliyopigwa amelala chini ya meza mwaka wa sabini na mbili, hakumbuki kwa nini, lakini makucha yote ya simba yalionekana safi.

"Hiyo usiniulize," akasema.

"Hatuulizi, mzee. Miguu imepatikana."

Tukachukua ubao wa kuchezea vishale, tukaugeuza, tukawa tunazibandika picha kila moja mahali pake. Ubatizo juu ya droo, komunyo kwenye mlango, karamu ya kustaafu ya shangazi fulani kwenye ubavu wa kulia. Kabati likaanza kusimama, jeusi, likiwa na watu wote wa mji mbele yake. Leona alizunguka na glasi akiwacheka watu na nywele zao.

Likakosekana taji tu. Kila mpiga picha alikuwa amewalenga watu, na juu ya vichwa amekata. Kioo tulikipata, taji hatukulipata. Tulitafuta mpaka watu wakaanza kurudia albamu walizokwisha kupekua, na Alhamisi saa sita mchana juu ya ubao palikuwa bado peupe.

"Yote," Leona akasema. "Wameandika ionyeshe yote."

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Gilbert. Nje joto la kuyeyusha lami, na yeye amevaa koti la baridi, limefungwa mpaka shingoni. Akaja mpaka kaunta, akafungua zipu, akatoa albamu nyeupe iliyofungwa kwenye mfuko wa mkate.

Ndani kulikuwa na picha ya mwaka wa themanini na sita. Trudy, bibi harusi, miaka ishirini na mitatu, amepanda juu ya kiti kuwasha mishumaa, shela imemwangukia begani, anageuka kumcheka mtu. Mpiga picha alikuwa ameinua kamera. Nyuma ya kichwa chake, kama vile ni yeye aliyevishwa, taji lote la maua ya mbao, ua kwa ua.

"Gilbert," nikamwuliza, "Trudy anajua?"

"Joto kweli leo," akasema Gilbert.

Tukafika ukumbini saa kumi kasorobo, wanaume wanane wamebeba kabati na mimi nimekumbatia ubao. Lowell akaurudia ubao kwa kidole, kipande kwa kipande, na kitabu cha masharti wazi mkono wa pili. Alipofika kwenye mguu wa kulia akasema, "Huyu chini ya meza si Orrin?" Halafu akapiga muhuri.

*

Kaunti yetu hukumu zinafanywa hadharani. Mnakaa kwenye mabenchi na keki zenu za krimu, mwamuzi anazunguka, mnasikia kila neno. Mwaka huu alikuwa mama mmoja wa kaunti ya mbali, Ingrid Tollefson, mwembamba, ana tochi ndogo, na uso ambao hautoi habari. Trudy alikaa benchi la mbele, mkononi kadi za sampuli za rangi nyeupe, aina kumi na mbili. Gilbert pembeni yake.

Yule mama alianza na sanduku la mwerezi la bwana mmoja ambaye amechukua bluu miaka minne mfululizo. Akapitisha kucha pembeni. "Msasa umekatiza nyuzi hapa," akasema, akaendelea. Mabenchi yakahema.

Kwa Leona alikaa muda mrefu. Akavuta droo, akazigeuza. Akapiga tochi kwenye maua.

"Ndani ya droo hukupaka kitu."

"Hazikuwa zimepakwa," Leona akasema. "Nikaziacha."

"Na chini ya vanishi umeweka lakri."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alikuwa analipulizia dawa ya limau kila Jumamosi."

"Wote walifanya hivyo," yule mama akasema, na kwa mara ya kwanza kitu kikamcheza mdomoni. Akasogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia. Nikajua amekamatwa. Halafu akaujia ubao. Akausoma kama mtu anayesoma gazeti, juu mpaka chini, na kila alipofika kwenye sura alimtafuta mwenyewe kwenye mabenchi. Doreen akainua mkono. Mapacha wakasimama, sasa wana ndevu. Watu wakaanza kucheka, na macho yote yakapanda mpaka juu kabisa.

"Na bibi harusi?"

Trudy alikuwa ameshasimama. Akasogea mpaka pua inakaribia kugusa ubao.

"Nani kaitoa hii?" akasema. "Hii ilikuwa chumbani kwangu. Nani kaitoa?"

Mimi nikaangalia keki yangu. Tulingoja Gilbert aseme kwamba mvua inakuja.

"Mimi," Gilbert akasema.

Hata mashabiki wa sanduku la mwerezi waligeuka.

"Mimi, Trudy. Ni kabati la mama, na dada kalifanya vizuri, na sitaki lipakwe rangi." Akainyooshea picha kidole. "Na wewe ulipendeza pale."

Trudy akairudia picha. Kadi zake nyeupe zilimning'inia mkononi.

"Nilikuwa na kiuno, mimi," akasema.

Wakati huo yule mama mwamuzi alikuwa ameshafungua kasha lake, na alipoubana utepe wa bluu kwenye kitasa cha mlango wa kushoto, palepale ambapo Leona alifuta siku ya tatu, ukumbi ulipiga kelele mpaka ng'ombe wa banda la pili wakaitikia. Mzee Orrin alipigapiga kiti chake cha kukunja chini mpaka kikavunjika. Leona alinyanyuliwa juu, na si mtu mwepesi. Nilimwona akiwa kule juu anamtafuta wifi yake kwa macho, na wifi yake akamwinulia kidole gumba, kwa shingo upande, lakini akakiinua.

Jumapili iliyofuata karata zilirudi. Safari hii kwa Leona, na nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Jua la alasiri liliingia dirishani moja kwa moja juu ya kabati, na ile mistari ya chui milia ikawa inatembea kila mtu alipopita. Trudy alikuja na bakuli la saladi ya viazi, kubwa, limetoka kwenye barafu, linatoa jasho chini la kuacha doa.

"Mimi bado nasema nyeupe ingekaa vizuri," akasema, akainyoosha mikono kuliweka juu ya kabati.

"Ngoja, wifi."

Leona akavuta droo ya katikati, akatoa ile karatasi yangu ya chini ya sahani, ambayo nilimbandulia asubuhi hiyo pamoja na pini zake. Akailaza juu ya mwaloni, sahihi mbili zikiangalia juu, akailainisha kwa kiganja.

"Sasa weka," akasema.